Ramani ya mafuriko ionyeshe na vyoo

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Tandale, jirani na Mto Ng'ombe. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo na vijana wa mitaani walipita vichochoro vyetu kwa mradi wa Ramani Huria, wakichora nyumba, mitaro na mahali maji yanapofika. Mwaka huohuo kipindupindu kikalipuka jijini.

Kazi ile ni nzuri mno. Lakini mvua ikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo, yaani wanaofungulia kinyesi kichukuliwe na maji ya mvua, na uchafu ule huingia kwenye visima vifupi. Sisi tunaogawa dawa ya maji tunahitaji kujua tuanzie nyumba zipi. Naomba ramani ionyeshe vyoo vinavyofurika, visima vilivyo karibu navyo, na njia ya zahanati isiyozama. Masika moja nilizunguka na mama mwenye uchungu karibu saa nzima, kivukoni maji yakiwa kiunoni. Njia ya juu aliijua muuza mkaa tu.

Ichapishwe kwenye karatasi kabla ya Machi, kwani mafuriko huja na kukatika kwa umeme.

Mhudumu wa afya,
Tandale, Dar es Salaam