Tovuti yako imekuwa nyeupe? Hatukukuibia

Wiki hii tena. Mama moja mwenye guest house ku Nguba, Bukavu, alitupigia simu asubui, sisi wenye tulimutengenezea tovuti, hasira mingi: "Nililipa 2012, tovuti ilikuwa inatembea muzuri, leo nafungua naona ukurasa mweupe tu, na munaomba dola 180 ingine! Haiko wizi?" Hapana Mama, haiko wizi, na juu uko mutu wa tano kutuuliza hivi, acha tuandike wote wasome.

Tovuti yako imeandikwa kwa PHP, luga ya kuambia kompyuta ya kufanya. Hii luga Rasmus Lerdorf aliianza 1994 kwa mambo yake tu, ajue nani anaangalia CV yake ku intaneti. Ilikua bila mpango, ikajaza vitu vya hatari, na wenye kuitengeneza njo wanavitoa kidogo kidogo. Mu 2012 karibu kila mutu alikuwa anaita databesi (pale tovuti inaweka habari zake) kwa amri inaitwa mysql_query, sisi pia. PHP 7, mwisho wa 2015, ikaitoa kabisa. Hosti yako, kampuni yenye inaweka tovuti yako ku intaneti, ilivumilia PHP 5.6 ya zamani miaka mingi, sasa imeifunga, njo maana unaona ukurasa mweupe.

Halafu kuna wale wanasema "rudisha tu PHP ya zamani". Kuna hosti zenye bado zinakubali, ni kubonyeza tu, dakika moja. Papa moja wa vipuri ku Kadutu alikataa bei yetu, kijana akamubonyezea kwa dola 20. Lakini WordPress yake (programu yenye inatembeza tovuti) ikakataa plagini mupya, zile programu ndogo za kuongezea, juu zinaomba PHP mupya, basi plagini ya fomu ikabaki na tundu yenye ilishajulikana na wezi wakapita pale: mteja akifungua duka anatupwa ku michezo ya kamari. Kopi ya tovuti hakuwa nayo. Tulitafuta ya 2019 ku diski yetu, picha zote zenye aliweka kisha ile kopi zikapotea, na akalipa dola 400.

Zile 180 ni za nini? Tunachukua kopi ya mafaili na ya databesi, tunaiweka ku seva yetu, tunawasha makosa yote yaonekane, tunasoma moja moja, usiku mara mingi juu ya kukatika kwa moto (umeme). Ya Mama iko na mafaili 61. Amri each() na create_function zilitolewa mu PHP 8.0, ziko mule kila mahali. Na hatukomei pale: tangu 8.2 PHP inalalamika ukitumia propati (jina la kuwekea habari) yenye hukutangaza mu klasi, ile sehemu ya kodi yenye iko yake, na mpango ni PHP 9 iikatae kabisa, kwa hiyo tunazitangaza sasa, usitulipe mara mbili.

Vijana wanasema PHP inakufa, andikeni yote upya. Hatukubali. Versio mupya inatoka kila mwaka, na kila moja inatunzwa miaka 4, mbili za mwisho kwa usalama tu. Kwa hiyo hesabu kama kila miaka mitatu hivi tutaonana.

Hujui uko na versio gani? Tutumie anwani ya tovuti ku WhatsApp. Kuangalia ni bure.