Barua kwa vijana wa bioteknolojia hapa Mwanza

Wanangu mnaomaliza na mliomaliza zamani mko tu nyumbani, mwangaluka.

Naandika kwa sababu ya kijana mmoja jirani yangu hapa Buhongwa, katafutiwa nafasi kwenye maabara ya kiwanda cha samaki kaikataa, eti mzee mie nimesomea vinasaba siyo sangara. Nilicheka, ila baadae nikaona siyo yeye peke yake, wengi mnangoja maabara ya kwenye picha.

Haya, huyo sangara. Unapima gramu 25 za minofu, unatia kwenye mililita 225 za maji ya peptoni, chakula cha bakteria, inalala kwenye inkubeta nyuzi 37 kama saa 18 hivi, ndo kwanza unaanza kumtafuta salmonela, yule bakteria wa kuharisha. Inachosha, na harufu unarudi nayo mpaka paka wa mtaa wanakufuata. Lakini mkono unafundishwa hapo, mdomo wa chupa hauguswi, tipsi, kile kincha cha plastiki cha kunyonyea, inabadilishwa, saa inaandikwa. Na msidharau, 1999 Ulaya walipozuia samaki wa ziwa letu kwa hofu ya wavuvi wanaotumia sumu, sisi wa huku tuliona viwanda vikisimama.

PCR mnayoililia, ile ya kuzidisha vinasaba, ni hivi, mashine inapanda 95, inashuka kwenye 55 hivi, inapanda 72, inarudia mara thelathini na kitu, kila mzunguko vinasaba vinajizidisha mara mbili. Shida uchafu nao unajizidisha hivyo hivyo. Enzi zangu tulikuwa tunapima majani ya muhogo yenye batobato, ugonjwa wa virusi, siku moja kontroli hasi, yaani maji matupu, ikatoa mstari kwenye jeli, kama vile ina ugonjwa. Niliuona kabisa. Nikatupa jeli, nikarudia hiyo kontroli peke yake kwa maji ya chupa nyingine, ikatoka safi, nikaandika hiyo safi. Wiki tatu baadae mpaka majani mazima yanasoma yana ugonjwa, kumbe ile chupa ya kwanza ndo ilichafuka na wenzangu bado wanachota humo, praima, vipande vya vinasaba vya kuanzishia PCR, zimebaki za kuhesabu. Bosi wala hakufoka, alisema lete daftari. Daftari halikuwa na kitu. Bora angefoka.

Kazi zetu hizi nyingi ni za mradi, mkataba miaka miwili mitatu basi, na Mwanza tunajuana, NIMR wa utafiti wa magonjwa, hospitali ya Bugando, TAFIRI wa utafiti wa samaki, wale wa utafiti wa kilimo Ukiriguru, mtu akitaka fundi wa maabara anapiga simu kuuliza nani daftari lake linasomeka. GPA wanauliza pia, sikatai, ila siyo swali la kwanza. Na anayetaka kushika sampuli za wagonjwa aulizie mapema usajili wa Baraza la Wataalam wa Maabara za Afya, asije akashtukia mlangoni.

Sasa wewe wa Buhongwa, nimewasemesha wale wa kiwanda, wanakungoja mpaka Ijumaa. Nenda na kalamu ya wino, penseli hawataki.