Umeniuliza kuhusu hiyo kazi

Swahiba,

Nisamehe, meseji yako niliiona tangu juzi nikasema nitajibu nikitulia, sasa nimetulia naona meseji haitatosha ndo maana nakuandikia barua nzima kama enzi zile. Hongera sana aisee. Najua umeisotea hiyo kazi, na mkataba wa mwaka na nusu siku hizi sio wa kubeza. Ila umeniuliza uangalie nini zaidi kwenye hii miradi ya misaada baada ya vita, na mimi ukinigusa hapo unajua sinyamazi.

Angalia foleni. Yaani nani yuko kwenye foleni, na nani amekaa pembeni anatazama.

Ile miezi niliyofanya uandikishaji (shirika silitaji, wale watu bado tunasalimiana) kazi yangu ilikuwa meza, orodha na wino wa dole gumba. Jina, dole, chukua mzigo, haya anayefuata. Mzigo wenyewe mabati, misumari, jembe na bahasha ya hela kidogo, na kwenye orodha walikuwemo wapiganaji wa zamani tu manake mfadhili ndivyo alivyoandika. Siku ya pili akaja mama mmoja mtu mzima, kapanga foleni tangu asubuhi mpaka jua la utosi, amefika kwangu natafuta jina silioni. Nikamwambia mama, hii ni ya waliosalimisha silaha. Akaniangalia, akaniuliza taratibu tu, sasa mwanangu mimi ambaye sijawahi kuishika hiyo silaha nasalimisha nini? Sikuwa na jibu. Nikamwelekeza dawati la malalamiko, ambalo nakuapia lilikuwa kiti kitupu na karatasi imebandikwa ukutani. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alikuwa kijana wa palepale, na watu wote pale walijua nyumba ya yule mama iliunguaje na nani alikuwepo. Kijana akachukua mabati yake hakuinua macho hata mara moja, nadhani na yeye alitamani ardhi ipasuke.

Sisemi wapiganaji wasipewe. Yule kijana alibebwa kwao akiwa mtoto, na ukimwacha hana kitu atarudi kwa kamanda wake, hiyo hesabu wafadhili wanaijua vizuri sana ndo maana hela ya kwanza huwa inakwenda kwa mwenye bunduki. Mwenye bunduki anaogopwa. Aliyechomewa nyumba hamtishi mtu, kwahiyo anaambiwa asubiri.

Na kusubiri kwenyewe sasa! Chukua Sierra Leone. Mkataba wa amani wa Lomé, kati ya serikali na waasi, wa Julai 1999 uliandika kabisa kwamba kutakuwa na mfuko maalum wa waathirika wa vita. Wapiganaji zaidi ya 70,000 wakasalimisha silaha, wakapewa posho na mafunzo ya ufundi, na Januari 2002 vita ikatangazwa imekwisha. Na raia waliokatwa mikono kwenye vita hiyo je? Tume ya Ukweli na Maridhiano nayo ikaja kupendekeza walipwe fidia, lakini hela ya kuanzia, kama dola milioni 3 kutoka Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Kujenga Amani, ilipatikana mwaka 2008, na wengi walipokuja kupata chochote mkononi ilikuwa kama dola 100 kwa mtu. Miaka tisa tangu karatasi isainiwe, halafu dola 100, na huna mikono ya kuzihesabia.

Liberia ndo vituko. Desemba 2003 Umoja wa Mataifa walifungua kambi ya kwanza ya kukusanya silaha, kila mpiganaji aliahidiwa dola 300 kwa awamu mbili, wakajiandaa kwa watu kama 1,000 hivi, wakafurika maelfu wanataka hela yao leoleo, ikawa risasi zinarindima Monrovia na watu wakafa, zoezi likasimama mpaka Aprili 2004. Walipoanza upya sharti likalegezwa, huna bunduki lete risasi 150 unahesabika. Unajua kilichotokea, si unawajua watu? Makamanda wakagawa risasi kwa wapwa na mashemeji. Mwisho wa siku waliosalimisha silaha ni zaidi ya 100,000, bunduki zilizopatikana kama 28,000 tu. Mimi siwacheki waliojipenyeza, wengi walikuwa watu waliopoteza kila kitu kama yule mama, walichojifunza ni kwamba mlango wa msaada ni mmoja na unafunguliwa kwa risasi.

Lakini hukohuko Liberia kuna kitu kizuri pia usije ukaona nakukatisha tamaa. Watafiti Christopher Blattman na Jeannie Annan waliwafuatilia wapiganaji wa zamani waliofundishwa kilimo, wakapewa na vifaa vya kuanzia. Vita ilipowaka nchi jirani ya Côte d'Ivoire mwaka 2011 mawakala walipita wakiokota vijana wa kwenda kupigana kwa malipo, na waliojizuia zaidi ni wale waliokuwa bado wanasubiri mzigo wa awamu ya pili. Sio mahubiri ya semina yaliyowazuia, ni kwamba kuna kitu kinakuja na ukiondoka unakikosa. Kwahiyo ukiona bajeti yenu inamwaga kila kitu mwezi wa kwanza halafu miezi inayobaki ni ripoti na picha, uliza.

Msumbiji nako walinifurahisha. Baada ya mkataba wa amani uliosainiwa Roma Oktoba 1992 askari karibu 92,000 walilipwa kidogokidogo kwa miaka miwili, na waliipokelea benki, sio kwa kamanda, hiyo peke yake ilivunja ile minyororo ya kumtegemea kamanda. Alafu mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, askofu Dinis Sengulane akiwa mbele, likaanza kubadilisha bunduki kwa cherehani, baiskeli na majembe. Hapo hata raia aliyejua silaha imefukiwa wapi aliweza kuja akapata kitu. Vyuma vikakatwakatwa wasanii wakatengenezea viti, kimoja kiko Makumbusho ya Uingereza pale London.

Kwahiyo kwenye andiko la mradi wenu nenda moja kwa moja kwenye vigezo vya walengwa, hayo mengine ya utangulizi ruka. Kama mabati yanaenda kwa kijana, je yapo pia ya jirani zake? Kisima kikichimbwa wanachota wote au ni cha kambi? Na kama kila kitu ni cha waliosalimisha silaha, mwambie bosi wako mapema kabla hamjaweka meza, manake ukishakaa kwenye ile meza na orodha mkononi hakuna unachoweza kubadilisha, nimekaa najua.

Nitumie hivyo vigezo nivisome, hata picha ya simu inatosha, usihangaike kuskani. Na waulize dawati la malalamiko atakaa nani, kwa jina, wakikwambia tutaona basi omba ukae wewe.

Nisalimie nyumbani.

Wako yuleyule wa siku zote