Risala ya vijana wa mbio fupi kwa mgeni rasmi: msimsahau Seraphino Antao

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, wazazi, makocha na nyinyi wenzetu mliosimama huko nyuma maana viti vimeisha, salamu aleikum na karibuni sana.

Mheshimiwa, risala nyingi huanza na shida, sisi tumeona tuanze na mtu. Seraphino Antao. Tukisema anayemjua anyooshe mkono, itanyooka ya wazee wachache hapo chini ya hema, vijana wote kimya. Na huyu ni mtoto wa Mombasa, kazaliwa hapa 1937, wazee wake asili yao Goa. Novemba 1962 kule Perth, Australia, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola akachukua dhahabu ya yadi 100 kwa sekunde 9.5, watu hawajapoa akabeba na ya yadi 220, dhahabu za kwanza za Kenya kwenye michezo ile na wakati huo tuko bado chini ya Mwingereza! Wapo wanaosema alibahatika eti kwa vile Harry Jerome wa Kanada, mwenye rekodi ya dunia, aliumia mguu kwenye fainali ile ile. Haya, na hiyo 9.5 alikimbiliwa na nani?

Olimpiki alienda mbili, Rome 1960 na Tokyo 1964, medali hakupata, hilo hatulifichi. Lakini Tokyo ndio Olimpiki yetu ya kwanza baada ya uhuru na bendera aliibeba yeye. Hapo hapo Wilson Kiprugut akapata shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Kenya Olimpiki, na kuanzia hapo macho yote yakahamia bara, mtoto wa Pwani akisema anataka mita 100 anachekwa, anaambiwa riadha ni ya watu wa milimani. Dhahabu ya mbio hizo za Madola imerudi Kenya 2022 kule Birmingham, Ferdinand Omanyala, sekunde 10.02. Miaka 60 mheshimiwa! Antao hakuiona, alifariki London 2011.

Sasa yetu. Leni tunachora kwa majivu, mvua ikipiga tunaanza upya. Bloki za kuanzia tuko nazo pea moja tu, za mbao, alitutengenezea mzazi mmoja fundi seremala, na moja imepasuka kwa hiyo mtu akiinama kuanza lazima mwenzake aikanyage kwa nyuma isiteleze. Tunaomba bloki za chuma na spaiki, yaani viatu vya mbio vyenye misumari, hata za mtumba sawa, miguu yetu namba 38 mpaka 43.

Na kikombe kimoja, cha mita 100 kwa wavulana na wasichana kila mwaka, kiitwe Kikombe cha Antao. Kuchonga jina tutalipa wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha, na ukimaliza soda yako mheshimiwa tafadhali shuka uwanjani utupigie filimbi ya fainali ya wasichana, washapasha misuli wanakungoja wewe tu.