Kwa Zuhura, kuhusu Betty na Veronica

Mombasa,
Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila joto tu, na umeme unaokatika kila nikishika pasi. Barua yako nimeipata na nimecheka peke yangu mpaka mama akauliza kuna nini. Eti mwanao kavimaliza vile vitabu vya Archie, vya katuni za Marekani kuhusu mvulana wa sekondari anayewapenda Betty na Veronica kwa pamoja, kisha kakuuliza, "Huyu mvulana mbona hachagui mmoja?" Nawe ukamwambia amwulize mama mdogo wa Mombasa. Haya, mama mdogo anajibu.

Mwambie kwanza mambo hayakuanza hivyo. Archie alitokea mara ya kwanza katika toleo la 22 la Pep Comics, la Desemba 1941, ndani ya jarida lililojaa mashujaa wa kupigana ngumi. Mchoraji alikuwa Bob Montana, aliyesoma sekondari mji wa Haverhill, Massachusetts, na mengi ya shule ile akayahamishia Riverdale, mji wa kubuni anakoishi Archie. Sasa, katika hadithi ile ya kwanza Veronica hayupo kabisa. Yupo Betty, jirani mpya, na Archie ndiye anayehangaika ili atazamwe! Tena hataki kuitwa Archie, ataka aitwe Chick. Veronica Lodge akaingia toleo la Aprili 1942, na utajiri wa babake nyuma yake, na tangu hapo Betty aliyekuwa akifuatwa akawa ndiye mfuataji. Miezi minne tu, Zuhura.

Kwa nini hachagui? Kwa sababu akichagua, kitabu kimekwisha. Tazama zile hadithi zinavyokwenda: kurasa tano au sita, basi. Ukurasa wa kwanza keshawaahidi wote wawili Jumamosi ile ile. Wa pili anamwomba rafiki yake Jughead amsaidie uongo, na Jughead anataka alipwe hambaga. Wa tatu na wa nne anakimbia huku na kule, wa mwisho yuko chali barabarani na wasichana wote wawili wameondoka na mpinzani wake Reggie. Mshika mawili moja humponyoka, na huyu humponyoka yote mawili. Ukifunua hadithi inayofuata, hakuna aliyekumbuka kitu. Wanakunywa soda kwa Pop Tate, mwenye mgahawa wao, kana kwamba jana haikuwapo.

Mwaka 2009, toleo la 600 la jarida lake mwenyewe Archie, wakajaribu kumwozesha. Watu wakaja juu, wengine wakafurahi, na kampuni ikapata ilichotaka. Alimwoa Veronica. Matoleo machache baadaye akamwoa Betty. Walipitia ujanja wa njia mbili za maisha, kwamba ametembea akaona ambavyo ingekuwa, kisha akarudi kuwa mwanafunzi yule yule mwenye mistari ya kuchekesha kichwani juu ya sikio. Hata harusini hawakuthubutu kuchagua. Mimi nasema walifanya vyema, ingawa nilimsikitikia Betty aliyewekwa wa pili hata kwenye foleni ya ndoa.

Lakini swali la mwanao, kusema kweli, si hilo ambalo ningeliuliza. Mimi ningeuliza: kwa nini Betty na Veronica bado ni marafiki?

Chukua kitabu chochote alichochora Dan DeCarlo, ndiye aliyewapa sura hizi tulizozizoea tangu miaka ya 1950. Funika nywele za Betty kwa kidole, kisha funika za Veronica. Utaona ni uso mmoja! Macho yale yale, pua ile ile ndogo iliyoinuka, mdomo ule ule. Kilichobaki ni mkia wa nywele za manjano kwa mmoja na nywele nyeusi za kumwagika kwa mwingine. Kwa hiyo Archie hana la kusema eti mmoja mzuri kuliko mwenzake. Mmoja humtengenezea gari, mwingine humvuta kwenye jumba lenye bwawa la kuogelea, na yeye gari likishawaka hulielekeza bwawani. Ile picha ya Betty chini ya mkweche, amevaa ovaroli, grisi imempaka shavuni, miguu tu ndiyo inaonekana, na Veronica amesimama kando na gauni jipya akiuliza kama itachukua muda mrefu, nadhani nimeiona kwa namna nyingi kuliko picha nyingine yoyote. Na bado siichoki.

Kisha geuza ukurasa. Hao hao wawili wanakwenda madukani pamoja. Betty analala kwa kina Lodge. Veronica akivuliwa taji na msichana mgeni, Betty ndiye wa kwanza kukasirika, maana Ronnie, ndivyo anavyomwita Veronica, ni wa kupigana naye yeye peke yake. Tangu 1950 wamekuwa na jarida lao wenyewe, na zimo hadithi ambazo Archie hapiti hata dirishani. Ugomvi wao una adabu zake: unaweza kumwibia mwenzako miadi, lakini humwachi apate aibu mbele ya watu baki. Archie mimi namwona mpira tu katika mechi yao, na mpira haulizwi unataka kwenda goli gani.

Sisi tulikuwa hivyo, usikatae. Unamkumbuka yule kijana wa shule ya pili, aliyekuja siku ya midahalo na sweta iliyompwaya? Wewe ulimpelekea barua iliyonyunyizwa poda, mimi nikampelekea yenye kalamu za rangi tatu na shairi nililolitunga mwenyewe. Wiki nzima bwenini hatukusemezana, tukawa tunatumana ujumbe kupitia mtu wa kitanda cha kati. Siku ilipofika, tumejipamba, tumesimama kila mtu upande wake wa ukumbi, na mwenyewe hakutoka mezani kwenye chapati. Alikula mpaka basi lao likapiga honi. Tulidhani tunagombania Archie, kumbe ni Jughead! Nilikutazama, ukanitazama, na hapo ndipo tulipoanza kusemezana tena.

Afadhali hata Jughead angalau anasema wazi kwamba hataki msichana, anataka chakula. Mwoneshe mwanao ile kofia yake pia, maana huenda anadhani ni taji la mfalme. Vijana wa Marekani wa zama zile walikuwa wakichukua kofia kuukuu ya baba, ile ya manyoya yaliyoshindiliwa, wanakata ukingo kwa mkasi meno-meno, wanaukunjia juu. Wengine wakiichomeka vibeji. Fasheni yenyewe imekufa zamani, kichwa cha Jughead hakijapata habari.

Kuhusu Reggie sikubaliani nawe hata kidogo. Unasema ndiye mkweli pekee kwa kuwa hafichi ubaya wake. Mtu anayemkonyezea Midge huku akijua mpenzi wa Midge, yule Moose, yuko nyuma yake, na Moose anaweza kumnyanyua kwa mkono mmoja, huyo si mkweli, ni mpungufu wa akili. Ulikuwa na ugonjwa huo huo wa kupenda wajuvi tangu kidato cha pili, na aliyekuoa ananipa ushahidi.

Msalimie sana, lakini mstari huo wa mwisho usimsomee. Kile kitabu chenye jalada lililochanika si cha mwanao, ni changu, naomba kirudi na mtu wa kwanza atakayekuja huku.

Wako,
Rehema