Mashine zitapanga atomu, lakini nani atakagua maagizo?

Mhariri,

Miaka mingi nimezisoma makala zenu za nanoteknolojia, yaani ufundi wa kuunda vitu vidogo mno, nikanyamaza. Ile ya juzi, iliyodai kwamba mashine za kupanga atomu zikija kila kitu kitapatikana bure, imenishinda kumeza.

Mwandishi wenu angepiga hesabu kwanza. Almasi ya karati 1 ina uzito wa gramu 0.2, na ndani yake mna atomu za kaboni kama 1 yenye sufuri 22. Mkono mmoja wa mashine ukipanga atomu milioni 1 kila sekunde, usiku na mchana, utamaliza baada ya miaka zaidi ya milioni 300. Kwa hiyo mashine lazima zijinakili zenyewe: moja izae mbili, mbili zizae nne, na baada ya mizunguko 60 zitapita bilioni ya mabilioni. Hapo ndipo penye kasheshe, na makala yenu haikupagusa! Kinachonakiliwa ni maagizo. Kosa likiingia kwenye nakala ya kwanza kabisa, nusu ya mashine zote zitalirithi. Seli hai zinapambana na jambo hilo hilo: DNA, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani yake, ikinakiliwa hukaguliwa na kurekebishwa, hadi libaki kosa moja hivi katika kila herufi bilioni. Ukaguzi huo nani ataufanya bure?

Kaboni itakuwa rahisi, sawa. Ghali itakuwa faili ya maagizo iliyohakikiwa, pamoja na mtu anayejua kuihakiki. Tazama printa za 3D za leo, zinazojenga vitu kwa plastiki. Faili ya STL, ile inayoipa printa umbo la kitu, hubeba namba tupu. Haisemi kama ni inchi au milimita, wala haitaji plastiki ya kutumia. Kifuniko kilichochorwa kwa upana wa inchi 2, printa ikisoma milimita, kinatoka na upana wa milimita 2. Mashine haina kosa, plastiki haina kosa. Limekosekana neno moja tu.

Na mkiwa hapo, acheni kubandika “nano” kwenye kila tangazo la rangi na krimu. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Napendekeza kila neno “nano” gazetini lifuatwe na namba ya nanomita. Mtangazaji asiye na namba, mwandikieni “dogo”.

Msomaji wenu wa siku nyingi