Barua ya wazi kwa wenye miaka arobaini na kuendelea mnaorudi kwenye motokrosi Dodoma

Wadogo zangu,

Mbukwenyi.

Nawaandikia ninyi mnaozitoa stoo pikipiki za motokrosi, yaani za mbio za njia ya udongo yenye matuta ya kurukia, zilizolala miaka kumi au kumi na tano, na ninyi mlionunua nyingine baada ya watoto kumaliza shule na ada kupungua. Nafurahi mno kuwaona mnarudi. Nimeona niseme mapema, mvua zikiwa zimekata na watu wameanza kuulizana Jumamosi tunakwenda wapi, kwa sababu hatari ya anayerudi ina sura yake. Anayejifunza ana woga, na woga unamwendesha polepole. Anayerudi anakumbuka kona aliyokuwa akiiingia kwa gia ya tatu na jampu alilokuwa akilivuka bila kufikiri. Kumbukumbu ni ya mtu wa miaka 25, mikono na pumzi ni vya mtu wa 47. Dakika tano za mwanzo kila kitu kinakwenda vizuri. Hizo dakika tano ndizo zinazovunja watu mabega.

Kabla ya kushika spana, nendeni mkapimwe: presha ya damu, sukari, na umeme wa moyo, kile kipimo cha kubandikwa nyaya kifuani. Motokrosi inapeleka mapigo ya moyo karibu na kikomo na kuyaweka hukohuko, kwa kuwa unasimama na kuchuchumaa juu ya mashine ya kilo zaidi ya 100 huku umebana pumzi bila kujua. Anayemeza dawa za kuzuia damu isigande amwambie daktari waziwazi anachotaka kufanya. Kwake yeye hata pigo dogo la kichwa linaweza kuvujisha damu ndani ya fuvu.

Wiki sita kabla ya kupanda, fanyeni mazoezi mara tatu kwa wiki. Kuchuchumaa na kuinuka, seti tatu za mara 15. Kukaa ukutani kama uko kwenye kiti, dakika moja, mara tatu, na katikati ya magoti weka mpira wa watoto uubane muda wote. Mpira huo una kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Pikipiki hushikwa kwa magoti na mapaja. Mikono kazi yake ni kuelekeza na kukamata breki. Mapaja yakichoka mikono ndiyo inayobeba mwili, misuli ya kigasha inajaa damu ndani ya utando usiotanuka, inakaza kama ubao, na vidole vinakataa kufunga breki ukiwa unateremka. Ikikutokea, toka njiani, simama, nyoosha mikono mpaka ilegee. Usijikaze umalizie mzunguko. Kisha tazama mikono ya breki na klachi: ukisimama juu ya vikanyagio, kiganja na kigasha viwe mstari mmoja, kifundo kisipinde kwenda juu. Boliti zake zikazwe kiasi tu, ili ukianguka mkono uzunguke kwenye usukani badala ya kukatika.

Mwezi wa kwanza endesheni vipindi vitatu vya dakika kumi kwa siku, na mapumziko ya robo saa kati yake. Siku moja kwa wiki inatosha, maana katika umri huu maumivu yanakuja siku ya pili yake, wakati mwingine ya tatu. Ndani ya vipindi hivyo hakuna jampu. Zungukeni namba nane kati ya mawe mawili yaliyoachana mita 15, kwanza kwa kukaa, kisha kwa kusimama. Wekeni alama ya breki, mfikie kwa gia ya pili, msimame palepale mara kumi mfululizo. Ikishindikana hata mara tatu kati ya kumi, mguu na vidole bado havijarudi, na hakuna sababu ya kuongeza mwendo.

Sasa pikipiki yenyewe. Wengi mlijifunzia injini za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili kwenye petroli, na leo mnanunua cc 450 ya mipigo minne kwa kuwa mfuko unaruhusu. Nawasihi mfikirie tena. Pikipiki ya bodaboda ya cc 150 ina nguvu za farasi kama 12. 450 ya motokrosi inapita 50. Inasamehe kidogo sana mkono uliochoka. Cc 250 ya mipigo minne inawatosha kabisa kwa msimu mzima, na anayepata 125 ya mipigo miwili iliyo nzima amepata mwalimu mzuri. Hiyo ichanganyieni oili kwenye petroli kwa uwiano wa kitabu chake. Kwa 32 kwa 1, lita 5 za petroli zinataka mililita 156 za oili.

Ile iliyolala miaka mingi msiipige kiki. Mwageni petroli yote ya zamani, fungueni kabureta, mtoe jeti ndogo, kile kiskurubu chenye tundu la kupitishia petroli, na kuitazama kwenye mwanga. Mara nyingi tundu lake limezibwa na utomvu wa petroli iliyooza. Toeni plagi, mtie oili kama kijiko cha chai, kisha mzungushe injini taratibu kwa mkono. Oili ya breki imenyonya unyevu miaka yote hiyo, itachemka kwenye mteremko na mkono wa breki utazama bure, hivyo badilisheni yote. Tairi zina namba nne za tarehe ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka: 2214 ni wiki ya 22 ya mwaka 2014. Tairi ya umri huo inaweza kuwa na meno mazuri lakini mpira umekuwa mgumu, haushiki. Oili ya injini iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2. Ile ya gari ina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inayolowa kwenye oili hiyohiyo itateleza.

Jambo wanalolipuuza wengi ni springi ya nyuma. Kiwandani inategwa kwa mwendeshaji wa kilo 70 hadi 80 hivi, na wengi wetu tulishaaga huko zamani. Pima hivi. Weka pikipiki juu ya stendi, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka ekseli hadi alama uliyoweka kwenye madigadi ya nyuma; tuseme ni milimita 600. Shusha, panda ukiwa na buti na vazi lote, mwenzako ashike usukani, mwingine apime palepale. Ikisoma 497, imezama 103, na unataka iwe kati ya 100 na 105. Sasa shuka, upime pikipiki ikiwa imesimama peke yake bila mtu. Hapo izame milimita 30 hadi 40. Kama ili kupata ile 103 ulilazimika kukaza ringi ya springi mpaka pikipiki tupu inazama 20 tu, springi ni laini mno kwako. Tafuta ngumu zaidi. Ukiiacha hivyo, sehemu ya nyuma itakurusha kila ukitoka kwenye tuta, na utadhani umesahau kuendesha.

Vumbi letu naliongelea kwa kirefu, kwa kuwa linaua injini nyingi hapa kuliko ajali. Udongo wa kuanzia Ihumwa kwenda Chamwino ni mchanga mwekundu wenye unga laini ndani yake, na upepo wa kiangazi unaupandisha muda wote. Filta ya hewa ya sponji isafishwe baada ya kila siku ya kuendesha, hata kama mmezunguka nusu saa. Kabla ya kuitoa, futa kingo zote za sanduku lake kwa kitambaa chenye unyevu, la sivyo utadondoshea mchanga mdomoni mwa injini kwa mkono wako mwenyewe. Ioshe kwa mafuta ya taa, ukiibonyeza tu. Usiikamue kwa kuizungusha kama nguo, maana maungio yake ni ya gundi na yataachia. Petroli nayo inayeyusha gundi hiyo, achilia mbali moto. Kisha ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini hadi ikauke kabisa. Mimina oili ya filta ukiwa umevaa glavu, minya polepole mpaka rangi iwe moja kila mahali. Doa lolote jeupe ni mlango wa mchanga. Mwisho paka grisi nyembamba kwenye mdomo inapokaa. Ukishafunga, subiri. Kesho yake, kabla ya kuwasha, ingiza kidole kwenye mrija wa hewa nyuma ya filta: kikitoka na chembe hata moja inayokwaruza, kazi haikuwa nzuri.

Sababu ya ukali huu ni valvu. Pikipiki nyingi za motokrosi za mipigo minne zina valvu za kuingizia hewa za titani, zilizopakwa tabaka jembamba gumu. Mchanga ukilikwangua, valvu inazama kwenye kiti chake, ile nafasi ndogo inayotakiwa juu yake inapungua, na dalili ya kwanza ni injini kukataa kuwaka asubuhi ikiwa ya baridi. Ukirekebisha leo ikarudi baada ya saa chache za kuendesha, valvu imekwisha, acha kuirekebisha. Anayeleta pikipiki ya kabureta kutoka Dar es Salaam ajue pia kwamba Dodoma iko juu ya mita 1,100. Hewa ni nyepesi, plagi itakuwa nyeusi ya masizi mpaka jeti ipunguzwe kidogo.

Upepo wa tairi wekeni psi 13 hadi 14 mbele na nyuma kwenye mchanga, na tyubu ziwe zile nene. Miiba ya migunga haina huruma, na tyubu ya kawaida haifiki saa nne asubuhi.

Kabla ya kuwasha, njia itembeeni kwa miguu, kila siku, hata ile mliyoitumia wiki iliyopita. Makorongo yetu hubadilika kwa mvua moja, na ukingo uliokuwa mteremko mzuri Machi unaweza kuwa ukuta wa mita mbili Mei. Mashimo ya muhanga yanakuwa palepale nyasi zilipo ndefu. Mbuga nyeusi ya Bahi, ule udongo mweusi unaonata, ikilowa ipisheni kabisa. Inajaza madigadi mpaka gurudumu linagoma na rejeta inachemka. Salimieni mwenyekiti wa kijiji, mkubaliane saa na mahali, mkae mbali na mashamba ya zabibu na alizeti. Mfugaji akitokea na ng'ombe, zimeni injini mpaka wapite. Hawa wazee ndio wenye ardhi. Pikipiki hizi hazina taa wala namba, kwa hiyo zibebwe kwa kirikuu mpaka uwanjani. Anzeni saa 12 asubuhi, saa 4 muwe mmemaliza. Na msifuatane kwenye vumbi. Achianeni nusu dakika.

Jampu, basi. Anzeni na lile lenye mgongo bapa juu, ambalo ukipungukiwa unatua kwenye bapa. Lenye pengo katikati liacheni mpaka mmemaliza dakika 20 mfululizo bila mikono kukaza, katika siku tatu tofauti. Kosa la anayerudi ni lilelile: anafika kwenye ncha, moyo unashtuka, anaachia mafuta. Uzito unahamia mbele, shokapu ya nyuma inasukuma, na pikipiki inainamisha pua. Kwenye mipigo minne ni mbaya zaidi kuliko mliyozoea zamani, kwa sababu injini yenyewe inafunga breki ukiachia. Kama una shaka, kata shaka mita 20 kabla, ukiwa bado chini. Ukishaanza kupanda, shika mafuta yaleyale bila kuongeza wala kupunguza mpaka gurudumu la nyuma liondoke, magoti yamebana, macho kwenye mahali pa kutua. Pua ikiinama hewani, ongeza mafuta, gurudumu linalozunguka kwa kasi litaiinua. Ikipanda mno, bana klachi na ugonge breki ya nyuma mara moja, itashuka; achia klachi na urudishe mafuta kabla ya kugusa chini.

Helmeti ya enzi zile msiivae, hata kama inang'aa. Baada ya miaka mitano hivi povu la ndani na gundi vinachoka, na iliyokwisha kupiga chini imekwisha kazi. Buti nazo zikunjeni soli kwa mikono, zikipasuka zitupwe.

Msiende mtu mmoja, wala wawili; muwe watatu, mmoja akiwa pembeni daima, si juu ya pikipiki. Mtu akianguka, asimame mtu juu ya mteremko kuwazuia wanaokuja. Akilalamika shingo, au akijibu ovyo ukimuuliza leo ni siku gani, msimvue helmeti kwa kuvuta na msimbebe mzobemzobe kumtupa kwenye kirikuu. Mmoja apige magoti, ashike kichwa kwa mikono miwili pale kilipo, mwingine apige simu. Aliyepoteza fahamu hata sekunde tano hapandi tena siku hiyo, aseme asemavyo, na asirudi mpaka daktari amruhusu. Mhesabieni wiki tatu, si siku tatu. Na funguo za gari zikae juu ya tairi la mbele kulia, kila mtu akijua, zisiwe mfukoni mwa aliye juu ya pikipiki.